Kuchungulia data mapema na kuuliza maswali mengi katika jaribio moja la dawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa madaktari watafiti, wanafunzi wa uzamili na wajumbe wa kamati za maadili ambao wameletewa protokali yenye maneno "uchambuzi wa kati" na "marekebisho ya alfa", wakabaki wanatazamana. Anayejibu ni mtakwimu. Palipo na maoni yangu nimesema ni yangu. Alfa, yaani uwezekano tunaokubali wa kutangaza ushindi wa dawa isiyofanya kazi, humu ni 0.05 ya pande mbili (dawa kuonekana bora au mbaya zaidi), isipokuwa nikisema vingine.

Jaribio la awamu ni lipi hasa?

Ni jaribio ambalo data yake haingojwi ikamilike yote ndipo ichambuliwe. Tangu mwanzo inapangwa kwamba wakifika washiriki kadhaa, au vikitokea vifo kadhaa, bodi huru ya kusimamia data na usalama itafungua matokeo na kuamua: tuendelee, tusimame kwa sababu dawa imeshaonyesha inafanya kazi, au tusimame kwa sababu haina matumaini.

Mfano mzuri unatoka mashariki mwa Kongo. Novemba 2018, katikati ya mlipuko wa Ebola, lilianza jaribio la PALM katika vituo vya matibabu vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Jina hilo limetoka kwenye Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne: ZMapp, ambayo ndiyo ilikuwa ya kulinganishia, remdesivir, MAb114 na REGN-EB3. Mpango ulikuwa wagonjwa 725. Agosti 9, 2019, bodi ilipitia data ya wagonjwa 499 na kushauri kwamba wagonjwa wapya wasipangiwe tena ZMapp wala remdesivir. Walikuwa wameshaandikishwa 681. Bila uchambuzi wa kati, waliobaki wangeendelea kupangiwa dawa ambazo karibu nusu ya waliozipata walifariki.

Nimeanza na PALM kwa makusudi, kwa kuwa mambo mawili ya ukurasa huu yamo ndani yake: data iliangaliwa kabla ya mwisho, na maswali yalikuwa zaidi ya moja.

Kuna ubaya gani kuangalia data mara kwa mara? Data si ni ileile?

Data ni ileile, lakini nafasi zako za kukosea zinaongezeka.

Chukua dawa isiyofanya kazi kabisa. Tofauti kati ya makundi mawili haitakaa kwenye sifuri. Itapanda na kushuka kadiri wagonjwa wanavyoingia, kama bei ya nyanya sokoni. Ukiangalia mara moja tu, siku uliyoipanga, uwezekano wa kuikuta imepanda kupita kiasi ni asilimia 5. Ukiangalia mara nyingi na kusimama siku yoyote utakayoikuta juu, unaisubiri ipande. Na ukisubiri vya kutosha, itapanda.

Armitage, McPherson na Rowe walitoa hesabu hiyo mwaka 1969. Ukitumia p chini ya 0.05 kila unapoangalia (p ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, dawa ikiwa haifanyi kazi), ukiwa umegawa data sawasawa, uwezekano wa kutangaza ushindi wa dawa isiyofanya kazi unakuwa asilimia 8.3 kwa mara mbili, 10.7 kwa mara tatu, 14.2 kwa mara tano, na 19.3 kwa mara kumi. Ishike hiyo 8.3, nitairudia mbele mahali ambapo wengi hawaitarajii.

Na maswali mengi?

Hili linajulikana zaidi. Ukipima mambo matatu yasiyohusiana, kila moja kwa 0.05, uwezekano wa kupata angalau ushindi mmoja wa uongo ni asilimia 14.3. Ukipima 20, ni asilimia 64. Maswali huzaliana kwa njia nyingi: vipimo viwili vikuu, makundi matatu ya dawa, dozi mbili, wanawake peke yao, wenye kisukari peke yao. Kila moja linaonekana dogo likiwa peke yake kwenye karatasi.

Sasa hayo si tatizo moja? Kwa nini nisigawe tu 0.05 kwa idadi ya vipimo vyote?

Unaweza, na hutakosea kwa upande wa usalama. Utalipa kwa wagonjwa wengi usiowahitaji. Tofauti iko hapa, na nadhani ndiyo jambo lenye faida kuliko mengine yote humu.

Unapoangalia data mara ya pili, data ya mara ya kwanza imo ndani yake. Kwa hiyo majibu ya mara mbili hizo yana undugu, na kiwango cha undugu huo kinajulikana kwa hesabu bila kubahatisha: ni kipeuo cha pili cha uwiano wa taarifa, yaani sehemu ya data iliyokwisha kukusanywa. Ukiangalia katikati na mwisho, ni kipeuo cha pili cha 0.5, yaani 0.71. Kwa kuwa tunaujua, tunautumia. Kugawa 0.05 kwa mara tano kunakupa 0.01 kila mara. Pocock, mwaka 1977, alionyesha kwamba kwa mara tano unaweza kutumia 0.0158 kila mara na jumla ikabaki 0.05.

Vipimo viwili tofauti, mfano kifo na siku za kulazwa, vina undugu pia, ila hakuna anayekuambia ni wa kiasi gani. Ukiukisia ukakosea, ulinzi wako umekwenda. Ndiyo maana kwenye vipimo tunatumia njia zisizotegemea undugu huo: Bonferroni (kugawa alfa kwa idadi ya maswali), Holm (1979, ambayo hulegeza kizingiti kila swali linapopita), au kupima kwa foleni, la pili lisiguswe mpaka la kwanza lipite. Makundi kadhaa yanayolinganishwa na kundi moja yako kati kwa kati: yakiwa na ukubwa sawa, undugu wa ulinganisho ni 0.5 kwa sababu kundi la kulinganishia ni lilelile, na Dunnett alishaitumia hesabu hiyo tangu 1955.

Kwa ufupi, ndoo ina matundu mawili na kila moja lina kiraka chake. Ukiziba la kuangalia mara nyingi, la maswali mengi linaendelea kuvuja. Protokali ninazosoma mara nyingi zimeziba moja, kisha zikaandika kwa kujiamini kwamba "kosa la aina ya kwanza limedhibitiwa", yaani lile la kutangaza ushindi wa uongo.

Nichague Pocock au O'Brien na Fleming?

Pocock anakupa kizingiti kilekile kila mara. O'Brien na Fleming (1979) wanabana mwanzoni na kulegeza mwishoni. Kwa kuangalia mara tano, vizingiti vyao vya p ni takriban 0.000005, kisha 0.0013, 0.0084, 0.0226, na 0.0413 mwishoni.

Kwa swali kuu ningechagua O'Brien na Fleming karibu kila wakati. Mwanzoni wagonjwa ni wachache, data bado ina makosa ya kuingiza, na wale waliochelewa kurudi kliniki hawajahesabiwa. Hapo usisimame ila kwa jambo la kushtua. Mwishoni unabaki karibu na 0.05 yako. Hakuna kinachoudhi kama kumaliza jaribio la miaka minne na p ya 0.03, kisha kumweleza profesa kwamba kwa mpango wa Pocock hajashinda.

Kuna pia njia ya Haybittle na Peto: katikati usisimame mpaka p iwe chini ya 0.001, mwishoni tumia karibu 0.05 yote. Haina madoido, na mjumbe wa bodi asiye mtakwimu anaikumbuka bila karatasi.

Bodi ilipangwa kukutana vifo vikifika 100 kati ya 200. Imekutana vikiwa 88. Mpango umeharibika?

Haujaharibika kama mliandika kanuni ya matumizi ya alfa. Lan na DeMets, mwaka 1983, walisema usipange vizingiti vyenyewe. Panga kasi ya kuitumia alfa kadiri taarifa inavyokusanyika. Ni kama mwenye posho ya mwezi: haamui atanunua nini tarehe fulani, anaamua ikifika nusu ya mwezi asiwe amevuka kiasi gani.

Kwa kanuni yao inayofanana na O'Brien na Fleming, kukutana kwenye nusu kamili kunakupa kizingiti cha 0.0031. Kukutana kwenye vifo 88, yaani asilimia 44 ya taarifa, kunakupa takriban 0.0015. Kilichobaki kinahamia mwisho wala hakipotei.

Sharti ni moja: tarehe ya kukutana isiamuliwe na mtu aliyeona matokeo. Bodi ikisema "inakaribia, tukutane tena baada ya wiki tatu", hesabu yote hii haikulindi tena.

Na taarifa hupimwa kwa matukio, kama vifo au maambukizi, pale swali linapohusu matukio. Jaribio lenye washiriki 2,000 na vifo 12 lina taarifa ya vifo 12.

Kipimo kikuu kimevuka kizingiti kwenye uchambuzi wa kati. Sasa naweza kupima cha pili kwa 0.05 yote?

Hapana. Hapa ndipo wanapoteleza hata wazoefu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hoja yao inaingia akilini. Kupima kwa foleni kunaruhusu: swali la kwanza likipita kwa 0.05, la pili linapimwa kwa 0.05 bila kukatwa. Ni kweli kabisa kwenye jaribio linaloangaliwa mara moja. Wanaongeza: "Hili la pili nalipima mara moja tu, siku la kwanza linapopita. Sijalichungulia." Hung, Wang na O'Neill walionyesha mwaka 2007 kwamba hoja hiyo haisimami.

Fanya hivi. Kuangalia ni mara mbili, katikati na mwisho. Kipimo kikuu ni kifo, kwa vizingiti vya O'Brien na Fleming: z (tofauti ikigawanywa kwa kosa lake sanifu) ya 2.797 katikati (p ya 0.0052) na 1.977 mwishoni (p ya 0.0480). Cha pili ni siku za kulazwa, na hapo dawa haisaidii lolote. Sasa tufanye vipimo hivi viwili vina undugu kamili, kimoja kikipanda kwa bahati na kingine kinapanda vilevile, na dawa inapunguza vifo kiasi cha kuongeza 0.837 kwenye z ya katikati.

Jumlisha 1.96 na 0.837. Unapata 2.797. Maana yake, kipimo kikuu kinavuka katikati pale tu ambapo kipimo cha pili, kwa bahati tupu, kimefika 1.96. Mlango wa foleni unafunguka wakati uleule mgeni wa uongo ameshasimama mlangoni. Asipokuwepo mlangoni, mlango haufunguki, jaribio linaendelea, naye anapata nafasi nyingine mwishoni. Kwa hiyo kipimo cha pili kimepewa nafasi mbili za 0.05, ingawa wewe unaapa umekipima mara moja. Makosa yake yanafika takriban asilimia 4.1 kwa upande mmoja badala ya 2.5, ambayo ni nusu ya ile 8.3 ya kuangalia mara mbili bila kizingiti. Imerudi kwa mlango wa nyuma.

Mfano huo nimeukaza ili uonekane. Kwenye jaribio halisi undugu haujakamilika na makosa ni kidogo zaidi, lakini huwezi kujua ni kidogo kiasi gani.

Dawa yake ni rahisi: kila kipimo kiwe na vizingiti vyake vya awamu, kwa alfa yake. Na si lazima vifanane. Glimm, Maurer na Bretz, na kwa upande mwingine Tamhane, Mehta na Liu, waliandika juu ya hili mwaka 2010. Mpango unaoonekana kuwa na tija mara nyingi ni O'Brien na Fleming kwa kipimo kikuu, Pocock kwa cha pili. Sababu inaeleweka: jaribio likisimama katikati, kipimo cha pili hakitapata siku nyingine, kwa hiyo kipewe nafasi ya maana siku hiyo.

Kwa tarakimu: katikati, vifo vina p ya 0.003, chini ya 0.0052, vimepita. Siku za kulazwa zina p ya 0.02. Ukiwa umeandika Pocock kwa cha pili, kizingiti ni 0.0294 na umeshinda. Ukiwa umeandika O'Brien na Fleming kwa vyote viwili, kizingiti ni 0.0052 na hujashinda. Ukiwa hujaandika chochote, tafadhali usichague leo.

Makundi ya dawa ni matatu au manne. Nirekebishe kwa ajili ya makundi pia?

Hapa wataalamu hawakubaliani, na ni afadhali ujue hivyo kuliko kupewa jibu moja la mkato. Dozi mbili za dawa moja ya kampuni moja: rekebisha, kwa kuwa dai ni moja ("dawa yetu inafanya kazi") na nafasi ni mbili. Dawa tofauti kabisa zilizokutana kwenye jaribio moja ili kuokoa muda na kushiriki kundi la kulinganishia: wapo wanaosema kila dawa ni jaribio lake, kwani zingefanyiwa majaribio tofauti hakuna ambaye angedai marekebisho.

Mimi naegemea upande huo wa pili kwa shingo upande. Kundi la kulinganishia likiwa moja na likapata bahati mbaya, dawa zote zitaonekana nzuri kwa pamoja. Makosa hayaongezeki kwa idadi, ila yanakuja kwa mkumbo. Partners PrEP, jaribio la Kenya na Uganda la kuzuia VVU kwa wanandoa ambao mmoja ana virusi, lilikuwa na dawa mbili na kundi moja la plasebo. Bodi iliposhauri Julai 2011 kundi la plasebo lisitishwe, dawa zote mbili zilikuwa zimeonyesha kinga: asilimia 67 kwa tenofovir peke yake na 75 ikiwa pamoja na emtrisitabini. Tofauti kubwa kiasi hicho haisumbuliwi na mjadala huu. Mjadala unauma pale p inapokuwa 0.03.

Kundi likiongezwa katikati ya jaribio?

Lilinganishwe na wale waliogawiwa nalo kwa wakati mmoja. PALM ilifanya hivyo: REGN-EB3 iliingia baadaye kidogo, kwa hiyo haikulinganishwa na wagonjwa wote 169 wa ZMapp bali 154 walioandikishwa kipindi kilekile. Kati ya hao 154 walifariki 79, asilimia 51.3. Kwa REGN-EB3 walifariki 52 kati ya 155, asilimia 33.5. MAb114, iliyokuwepo tangu mwanzo, ilikuwa 61 kati ya 174, asilimia 35.1, dhidi ya 84 kati ya 169 wa ZMapp, asilimia 49.7. Mlipuko hubadilika kila mwezi, wagonjwa huanza kufika mapema au kuchelewa zaidi, na usipotenganisha vipindi unaweza kuipa dawa sifa ya barabara iliyofunguliwa.

Swali moja likishapita, alfa yake inaenda wapi?

Inaweza kurithiwa. Huu ndio uzuri wa njia ya Holm na ile ya michoro ya Bretz, Maurer na wenzao (2009), ambayo Maurer na Bretz waliipeleka kwenye majaribio ya awamu mwaka 2013. Unachora maswali kama vibanda, mishale ikionyesha alfa ya aliyeshinda inakwenda kwa nani.

Tuseme una maswali makuu mawili, kila moja na 0.025, yote kwa O'Brien na Fleming, mara mbili. Vizingiti ni takriban 0.0015 katikati na 0.024 mwishoni. Katikati, swali la kwanza lina p ya 0.001: limepita. La pili lina 0.004: kwa kizingiti chake limeshindwa. Lakini la kwanza likimrithisha 0.025 yake, la pili sasa lina 0.05, na kizingiti chake cha katikati kinapanda kuwa 0.0052. Limepita pia, siku ileile, kihalali kabisa. Lingekuwa na p ya 0.03, lingesubiri mwisho, likiwa na kizingiti cha 0.0480 badala ya 0.024.

Angalia kwamba hata baada ya kurithi, swali la pili bado linafuata vizingiti vya awamu. Kinachorithiwa ni bajeti. Ruhusa ya kuitumia yote siku moja haimo kwenye urithi huo.

Kusimamisha kwa sababu ya madhara nako kunahitaji vizingiti hivi?

Si kwa ukali uleule. Alfa inatulinda tusitangaze ushindi wa dawa isiyofanya kazi. Kwenye madhara, hatari tunayoiogopa zaidi ni kuchelewa.

Wauguzi na madaktari wa watoto wa ukanda wetu wanalikumbuka jaribio la FEAST. Lilifanyika Mulago, Mbale, Soroti na Lacor huko Uganda, Kilifi nchini Kenya, na Teule, Muheza, Tanzania. Watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa makundi matatu: dripu ya haraka ya albumini, dripu ya haraka ya maji ya chumvi, au kutopewa dripu ya haraka. Kila mtu alitarajia dripu iokoe. Januari 2011 bodi ilishauri uandikishaji usimame, mpango ukiwa watoto 3,600. Kati ya 3,141 wa kundi kuu la uchambuzi, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa asilimia 10.6 kwa albumini, 10.5 kwa maji ya chumvi, na 7.3 kwa wasiopewa dripu ya haraka.

Bodi haikungoja kuthibitisha kwamba dripu ya haraka inaua kwa kiwango kilekile ambacho ingehitajika kuthibitisha kwamba inaokoa. Ilitosha kwamba ishara ya madhara ilikuwepo, na kwamba ilikuwa vigumu sana kwa dripu hiyo kuja kuonekana bora. Hivyo ndivyo inavyopaswa.

Na kusimama kwa kukosa matumaini?

Kunakula nguvu ya jaribio (uwezo wake wa kugundua dawa inayofanya kazi), hakuli alfa. Ila tumia mipaka isiyofunga, yaani bodi inaweza kuipuuza na kuendelea bila kuharibu hesabu ya alfa. Mipaka inayofunga inakupa punguzo dogo kwenye kizingiti cha mwisho, na siku bodi itakapoamua kuendelea, punguzo hilo litakuwa deni.

Jaribio likisimama mapema, asilimia tuliyopata ni ya kuaminiwa?

Mwelekeo ndiyo, ukubwa kwa tahadhari. Majaribio husimama siku ile ambayo tofauti kati ya makundi imepanda, kwa hiyo wastani wake huwa umezidi kidogo, na zaidi kadiri ulivyosimama mapema. Yapo makadirio yaliyorekebishwa. Yaripoti pamoja na yale ya kawaida. Vipimo vya pili vyenye undugu na kile kikuu navyo huvimba, jambo ambalo karibu kila ripoti hulisahau.

Tukitumia njia ya Bayes tumeepuka haya yote?

Bayes huhesabu uwezekano kwamba dawa inafanya kazi badala ya p, lakini mlichoepuka ni msamiati tu. Mamlaka za dawa zitataka bado kuona, kwa uigaji wa kompyuta, dawa isiyofanya kazi inapita mara ngapi. Jaribio la chanjo ya UVIKO-19 la Pfizer na BioNTech lilikuwa la Bayes, na lilikuwa na vizingiti vilivyopangwa kwa makini: uwezekano kwamba chanjo inakinga kwa zaidi ya asilimia 30 ulitakiwa uzidi asilimia 99.5 kwenye uchambuzi wa kati na 98.6 mwishoni. Ukali mwanzoni, ulegevu mwishoni. Unaifahamu sura hiyo.

Protokali iandike nini?

Idadi ya mara za kuangalia na zinapimwa kwa taarifa gani. Kanuni ya matumizi ya alfa, kwa kila swali na si kwa swali kuu peke yake. Mpangilio wa maswali: foleni, Holm au mchoro, na mchoro wenyewe uwemo. Nani anaona matokeo ya katikati, na nani haoni. Mtakwimu anayeandaa ripoti ya bodi asiwe yule anayekaa na timu kila Jumatatu. Kitakachotokea kwa kipimo cha pili jaribio likisimama mapema. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitafuta kwanza nikipewa protokali, na ndiyo inayokosekana.

Programu gani ya kukokotoa?

R, bila malipo: gsDesign na rpact kwa vizingiti vya awamu, gMCP kwa michoro. Kokotoa kwa mbili kati ya hizo. Zikitofautiana, mara nyingi umechanganya upande mmoja na pande mbili.

Nimeshachungulia. Hakukuwa na mpango wowote. Nifanyeje?

Swali hili huja kwa sauti ya chini, kwa kawaida baada ya wengine kutoka chumbani. Mwanafunzi mmoja aliniletea faili la Excel lenye karatasi nne, kila moja na tarehe yake na jedwali lilelile la p: 0.21, 0.09, 0.12, 0.04. Ya nne ndiyo aliyotaka kuiandika kwenye tasnifu, na kusimamisha uandikishaji hapo.

Nilimuuliza mambo mawili: aliyechungulia alikuwa na uwezo wa kubadilisha jaribio, na je, alibadilisha? Kama uandikishaji ungeendelea hadi idadi iliyopangwa bila kujali jedwali, madhara ni madogo. Andika tu kwamba uliangalia, lini, na kwamba hakuna uamuzi uliofuata. Kama kusimama kumetokana na ile 0.04, haiwezi kusomwa kama 0.04. Kwa Pocock wa mara nne kizingiti ni 0.0182, na hata hicho kinakopeshwa kwa huruma, kwa kuwa hakikuwepo siku ya kwanza.

Alikuwa amebakiza washiriki 46. Tulikubaliana aendelee mpaka wa mwisho, karatasi zote nne ziwekwe kwenye kiambatisho pamoja na tarehe zake, na nenosiri la faili likae kwa msimamizi wake.